Sukari imeshuka, simu iko kimya: kutafuta chanzo pale tahadhari za programu ya kisukari zinapokuangusha

Kabla hujagusa mpangilio wowote, fungua grafu ya zile saa ambazo tahadhari ilitakiwa kulia, ukuze mstari na uutazame vizuri. Wengi hukimbilia kufuta programu na kuiweka upya. Wakifanya hivyo wanapoteza ushahidi, na pengine kihisi chenyewe, yaani kile kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi kupima sukari, kwa sababu vipo vihisi ambavyo vikishatengana na programu iliyoviwasha havikubali kuunganishwa tena, na siku zake zilizobaki zinakwenda bure.

Mstari huo utakuwa na moja ya sura tatu. Huenda una pengo, yaani kuna muda ambao hakuna kipimo kilichoingia kwenye simu. Huenda umekamilika na umezama chini ya kiwango ulichoweka, lakini simu haikulia. Au umekamilika na haukufika kwenye kiwango hicho, kwa hiyo programu ilitii ilichoambiwa. Pengo linakupeleka kwenye Bluetooth na betri. Ukimya usio na pengo unakupeleka kwenye sauti na ruhusa. Anayechanganya hizo njia mbili hupoteza jioni nzima akibonyeza vitu visivyohusika.

Kuna mtego mmoja hapa. Vihisi vingi vina kumbukumbu ndani yake. Mawasiliano yakirudi, humimina vipimo vyote vilivyokwama na pengo hujazwa. Libre 2, kihisi cha kampuni ya Abbott, hutunza vipimo vya saa 8. Ina maana mstari uliotimia asubuhi hauthibitishi kwamba vipimo vilikuwa vinafika usiku. Kwenye Android 11 na matoleo ya baadaye kuna "Historia ya arifa" ndani ya mipangilio ya arifa. Iwashe leo, maana haionyeshi yaliyotokea kabla hujaiwasha, na baada ya saa 24 inafuta. Ukikuta humo arifa ya kupotea kwa mawimbi ya saa nane usiku, lile lilikuwa pengo hata kama grafu sasa imejaa.

Mstari umetimia, simu haikutoa sauti

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa kuwa sababu ni nyingi na moja huificha nyingine. Simu imetengenezwa ikuache ulale, na programu ya sukari imetengenezwa ikuamshe. Kila sasisho la mfumo huipa simu nafasi nyingine ya kushinda. Mwezi Februari 2025, FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, ilitoa onyo kuhusu vifaa vya kisukari vinavyotumia simu, baada ya kupokea ripoti za watumiaji ambao tahadhari hazikuwafikia au hawakuzisikia, na baadhi ya ripoti hizo zilihusu madhara makubwa hadi vifo. Miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa ni mipangilio iliyobadilika, kuunganishwa kwa kifaa kipya kama vipokea sauti au gari, na masasisho ya mfumo wa simu. Ushauri wake ni kuzima masasisho ya mfumo yanayojiendesha yenyewe na kukagua mipangilio ya tahadhari angalau mara moja kwa mwezi. Mimi ningeongeza: na siku ile ile unapokubali sasisho lolote, kabla ya kulala.

Anza na sauti yenyewe. Simu ya Android ina viwango kadhaa vya sauti vinavyojitegemea: cha simu inayoingia, cha arifa, cha kengele na cha muziki. Vitufe vya ubavuni mara nyingi hubadilisha kimoja tu, na ukivibonyeza huku video inacheza utakuwa umepandisha muziki huku arifa zikibaki chini. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uvipandishe vyote kwa mkono.

Kisha uliza simu imeunganishwa na nini. Vipokea sauti visivyo na waya vilivyoachwa mezani nje ya kiboksi chake vinaweza kubaki vimeunganishwa usiku kucha, na mlio ukatokea humo badala ya kwenye spika ya simu. Spika ya sebuleni inaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa anayetumia iPhone na Apple Watch kuna jambo jingine: saa ikiwa imevaliwa na haijafungwa, nayo simu imefunga skrini, arifa za kawaida huenda kwenye saa peke yake. Kama saa imezimwa sauti na mtetemo wake ni hafifu, utaapa kwamba hakuna kilicholia.

Ruhusa ni hatua inayofuata. Tangu Android 13, programu mpya hailii wala haionyeshi arifa mpaka iombe na ikubaliwe. Swali hilo hutokea wakati wa kusajili akaunti, katikati ya maswali mengine mengi, na ni rahisi kidole kikaenda kwenye "Usiruhusu". Hata ruhusa kuu ikiwa imewashwa, programu inaweza kuwa na aina kadhaa za arifa, kila moja na swichi yake: sukari ya chini, sukari ya juu, kupotea kwa mawimbi, na kadhalika. Ukibonyeza arifa kwa muda mrefu, Android hukupa nafasi ya kuifanya iwe kimya. Mtu aliyeamshwa saa tisa usiku akiwa amekasirika anaweza kufanya hivyo nusu usingizini, na kuanzia hapo aina ile ya arifa inaingia bila mlio milele. Fungua mipangilio ya arifa za programu hiyo, pitia aina moja baada ya nyingine, na uhakikishe hakuna iliyowekwa kimya.

Halafu kuna "Usinisumbue". Iwapo umeiwekea ratiba ya usiku, programu lazima iwe kwenye orodha ya zinazoruhusiwa kuipita. Baadhi ya programu huomba ruhusa hiyo zenyewe, nyingine zinakusubiri uende kuitoa. Upande wa iPhone, kitu cha kutafuta ni swichi iliyoandikwa Critical Alerts, ndani ya mipangilio ya arifa ya programu yenyewe. Apple waliileta na iOS 12 mwaka 2018, na ndiyo inayoruhusu mlio upite hata swichi ya kimya ya ubavuni ikiwa imewashwa. Ukiikataa siku ya kwanza, programu itaendelea kuonyesha namba vizuri kabisa mchana kutwa, na usiku haitasema kitu.

Tahadhari ya dharura ya vihisi vya kampuni ya Dexcom imewekwa kwenye 55 mg/dL, sawa na 3.1 mmol/L (ni vizio viwili vya kupimia sukari; namba za makala hii zisizo na kizio ni mg/dL), na mtumiaji hawezi kukibadilisha kiwango hicho. Watu huichukulia kama ngao ya mwisho, kwamba hata wakizima nyingine zote hii itawaamsha. Kufungwa kwa kiwango kunakulinda dhidi ya mkono wako mwenyewe ndani ya programu. Simu iliyonyimwa ruhusa au iliyotuma sauti kwenye vipokea sauti vilivyo kwenye droo haijui habari hizo.

Na mwisho wa fungu hili, jambo linalowaudhi watu wakiambiwa: huenda ililia. Ulibonyeza "Sawa" ukiwa usingizini, na baadhi ya tahadhari hazirudii mpaka sukari ipande kisha ishuke tena, isipokuwa umeweka muda wa kurudia. Historia ya arifa itakuonyesha. Dawa yake ni kuwasha kurudia kwa sukari ya chini, na kuiweka simu mahali ambapo lazima uinuke kuifikia, ila bado ndani ya umbali wa mawasiliano.

Mstari una pengo

Tazama pengo limekaaje kabla ya kutafuta sababu. Mapengo mafupi yasiyo na mpangilio hutokana na umbali au mwili. Pengo linaloanza saa ile ile kila usiku ni kazi ya ratiba: kiokoa betri, hali ya ndegeni, au utaratibu wa kulala uliouweka zamani ukausahau. Pengo refu linaloanza muda fulani baada ya skrini kuzimika na kuisha dakika unapofungua programu asubuhi maana yake simu iliilaza programu.

Umbali kwanza. Libre 2 na Dexcom G6 zimekadiriwa kufika takriban mita 6, Libre 3 na Dexcom G7 takriban mita 10, pasipo kizuizi katikati. Mwili wa binadamu ni kizuizi, kwa sababu una maji mengi na maji humeza mawimbi ya Bluetooth. Kihisi kikiwa mkono wa kushoto, ukalalia ubavu wa kushoto, na simu iko mezani nyuma ya mgongo wako, kuna mwili mzima na godoro kati yao. Hamisha simu upande wa pili usiku mmoja kisha ulinganishe mistari. Ukiogelea, mawasiliano yatakatika. Hiyo ni kawaida, wala si hitilafu.

Kama programu inalazwa, itoe kwenye orodha ya zinazobanwa ili kuokoa betri. Hapa watengenezaji wa simu wanatofautiana, na maelekezo ya simu moja hayafai kwa nyingine. Samsung ina orodha ya programu zinazolazwa na nyingine ya zinazolazwa kabisa, na sharti programu ya sukari iwe kwenye orodha ya tatu, ya zile zisizolazwa kamwe. Xiaomi ina swichi ya kuruhusu programu ijiwashe yenyewe. Huawei inakutaka uache kuiachia simu iamue, uisimamie programu hiyo kwa mkono. Yote haya ni mbali na mipangilio ya betri ya Android yenyewe, kwa hiyo ukishughulikia moja bado nyingine inaweza kukuangusha. Pia acha tabia ya kufagia programu zote zilizofunguliwa. Kwenye iPhone, programu ukiifagia kwenda juu umeifunga mpaka utakapoifungua tena mwenyewe.

Ruhusa zinahusika hapa pia, ila ni nyingine. Kwenye Android 11 na za nyuma yake, programu haiwezi kutafuta kifaa kwa Bluetooth bila ruhusa ya mahali ulipo, na huduma ya mahali yenyewe iwe imewashwa. Wanaoizima kwa kuogopa kufuatiliwa hukata mawasiliano na kihisi bila kujua. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa ya pekee ya vifaa vilivyo karibu. Na kuna lile la programu isiyofunguliwa kwa miezi kadhaa: mfumo huiondolea ruhusa zake. Mtu anayesoma namba zake kwenye saa tu, au anayetegemea tahadhari pasipo kufungua programu, yumo kwenye hatari hiyo. Zima swichi ya kuondoa ruhusa za programu isiyotumika, kwenye ukurasa wa programu hiyo ndani ya mipangilio.

Sababu mbili zaidi hazionekani kwa urahisi. Ya kwanza ni simu ya zamani. Umehamia simu mpya, ya zamani umeiacha droo ikiwa imewashwa na programu ile ile ndani, na kila kihisi kinapotafuta mwenzake, ya zamani inadaka kwanza. Zima Bluetooth yake au ondoa programu. Ya pili ni ya Libre 2: tahadhari huenda kwenye kifaa kilichokiwasha kihisi. Ukianza na kisomaji, kile kifaa cha mkononi kinachosoma kihisi badala ya simu, kisha ukaskani kwa simu, utaona namba kwenye simu, lakini kitakacholia ni kisomaji. Na kama kihisi chako ni Libre ya kwanza kabisa, usihangaike: kile hakina tahadhari, kinasoma unapokiskani tu.

Tahadhari ya kupotea kwa mawimbi ndiyo watu wanayoizima mapema kuliko zote, kwa kuwa inalia bila kuhusu sukari. Kwenye Libre 2 inalia mawasiliano yakikatika kwa dakika 20. Ningeizima ya mwisho. Bila hiyo, simu iliyopoteza kihisi na simu ya mtu mwenye sukari nzuri zinakuwa kimya sawasawa.

Inalia, ukipima kwa kidole sukari iko sawa

Usiku, mshukiwa wa kwanza ni kukilalia kihisi. Mgandamizo hupunguza mzunguko wa majimaji chini ya ngozi pale kilipo, na kihisi kinasoma kidogo kuliko kilichopo. Sura yake kwenye grafu ni ya pekee. Tuseme kihisi kinatoa kipimo kila baada ya dakika 5: 118, 91, 66, 58, kisha mstari unakaa chini pale, halafu umegeuka upande na mara moja unasoma 109. Sukari ya kweli haishuki kama jiwe na kurudi bila kula chochote. Ikishuka kweli hutengeneza mteremko, na ikipanda baada ya kula kitu kitamu hupanda kwa mwinuko. Ukiiona sura ile ya ghafla mara kwa mara, kihisi kijacho kiweke mahali ambapo hupalalii, kati ya sehemu zilizoidhinishwa kwa kihisi chako.

Siku ya kwanza pia huwa na makosa mengi. G7 huhitaji dakika 30 za kujiandaa, Libre 2 na Libre 3 dakika 60, G6 saa 2, lakini hata baada ya hapo saa 24 za mwanzo ndizo zenye kuyumba zaidi. Kwa sababu hiyo ni afadhali kubadilisha kihisi asubuhi kuliko wakati wa kulala.

Dawa nazo huchanganya, na mara nyingine upande wa hatari zaidi. Hydroxyurea, dawa inayotumika kwa selimundu na baadhi ya saratani, huifanya Dexcom isome juu kuliko ukweli, na vitamini C kwa dozi kubwa hufanya hivyo kwenye Libre. Hapo sukari inaweza kushuka pasipo mstari kufika kwenye kiwango, na hakuna tahadhari itakayolia. Paracetamol kwenye G6 haina shida mpaka gramu 1 kila baada ya saa 6. Ukizidisha, inapandisha namba. Mweleze daktari kihisi unachotumia kabla ya kuanza dawa mpya.

Unapolinganisha na kidole, nawa mikono kwanza, kwani ute wa tunda ulioganda kidoleni unatosha kuharibu kipimo. Linganisha wakati mshale wa mwelekeo, ule ulio kando ya namba kwenye programu, umelala, yaani sukari imetulia. Mshale ukielekea chini au juu, tofauti kati ya viwili hivyo ni jambo la kutarajiwa.

Inalia, lakini umechelewa

Kihisi hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo kati ya seli, na sukari ya humo huifuata ya damu nyuma kwa dakika kadhaa, mara nyingi kati ya 5 na 15. Sukari ikiwa imetulia huoni tofauti. Ikishuka kwa 3 mg/dL kila dakika, dakika 10 ni pointi 30, na simu inapolia kwenye 70 damu inaweza kuwa imeshafika 40. Anayelalamika kwamba tayari anatetemeka simu inapolia hana programu mbovu. Kiwango chake kiko chini mno kwa kasi ya sukari yake. Zungumza na daktari kuhusu kupandisha hadi 80 au 85, hasa kama huhisi dalili sukari ikishuka. Washa pia tahadhari ya utabiri iwapo ipo. Ya Dexcom hulia inapokadiria kwamba utafika 55 ndani ya dakika 20.

Kuchelewa huko kunafanya kazi pia wakati wa kupanda. Umekula gramu 15 za sukari ya haraka, zimepita dakika 15, damu imeshapanda, lakini simu bado inasoma 62 na inalia. Hapo ndipo watu huongeza gramu nyingine 15, na nyingine, na saa mbili baadaye wako 280. Kidole ndicho cha kuamua.

Kagua pia kama programu yako ina mpangilio wa kuchelewesha tahadhari ya kwanza. Ni kitu kizuri kwa sukari ya juu. Kwa ya chini, usiuweke.

Inalia mno hadi unatamani kuizima

Kiwango cha juu kikiwa 180, yaani 10.0 mmol/L, itakulilia baada ya karibu kila mlo. Namba hiyo inatumika kukokotoa muda unaotumia kati ya 70 na 180, na si lazima iwe ndiyo ya kukuamsha. Panga 250 kwa tahadhari, ucheleweshe saa moja, na uwe na ratiba tofauti ya mchana na usiku kama programu inaruhusu. Mjamzito ana malengo yake, 63 hadi 140, na hapaswi kufuata ushauri huu bila kliniki yake.

Ukisoma mwongozo wenye vipimo tofauti na simu yako, gawanya mg/dL kwa 18 upate mmol/L. 70 ni 3.9, na 250 ni 13.9.

Yako inalia, ya mlezi iko kimya

Tahadhari yako inatoka kwenye kihisi kwenda kwenye simu kwa Bluetooth, na haihitaji intaneti. Ya mlezi hupanda kwanza kwenye seva za kampuni, kisha hushuka kwake. Inahitaji intaneti kwenye simu yako, kwenye simu yake, na seva ziwe hai. Tarehe 30 Novemba 2019 huduma ya Dexcom Follow ilikatika, na wazazi wengi waligundua asubuhi kwamba hawakupata arifa yoyote ya watoto wao usiku huo. Mzazi anayemlinda mtoto aliye chumba cha pili asitegemee njia hiyo peke yake. Simu au kisomaji kinachozungumza na kihisi kiwe ndani ya chumba anachosikia. Vilevile, kila mlezi ana simu yenye "Usinisumbue" yake, betri yake na ruhusa zake, kwa hiyo yote yaliyosemwa juu yarudiwe upande wake.

Kujaribu bila kusubiri sukari ishuke

Subiri sukari iwe, tuseme, 94 na mshale umelala. Pandisha kiwango cha chini kwa muda hadi 100, funga skrini, iweke simu pale inapokaa usiku, na "Usinisumbue" iwe imewashwa kama kawaida yako. Kipimo kinachofuata kikiingia, ilie. Ikilia, rudisha kiwango chako pale pale kabla hujafanya jambo lingine. Isipolia, rudia ukiwa umezima "Usinisumbue", kisha ukiwa umezima Bluetooth ya vipokea sauti, ukibadilisha kitu kimoja kila mara. Baada ya kula, fanya vivyo hivyo na kiwango cha juu, maana ni aina nyingine ya arifa na kulia kwa moja hakuthibitishi ya pili. Kwa pengo, zima Bluetooth ya simu kwa nusu saa mchana uone kama itakuambia imepoteza mawimbi.

Kama umepitia yote na bado kimya, piga picha za skrini za grafu na za mipangilio, andika toleo la mfumo na la programu, na utunze kihisi na boksi lake lenye namba ya toleo la kiwandani. Huduma kwa wateja wa mtengenezaji watakuuliza hivyo vyote, na kihisi kilichotupwa ni vigumu kubadilishiwa. Wakati unasubiri jibu lao, usiku pima kwa kidole, na uweke kengele ya kawaida ya simu ikuamshe kwa ajili hiyo.